Picha ya Kabla

Niseme mapema: mimi ni mkwe wa yule mwanamke, na mkwe akimsifu mama wa mumewe watu huuliza amelishwa nini. Sikulishwa kitu. Mama mkwe wangu ana ulimi mkali, hapendi chumvi yangu, na mpaka leo akiingia kwangu hupitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi. Lakini alichofanyiwa kwenye kile kijito, na watu wenye tai shingoni, mmoja wao mtoto wa tumbo lake mwenyewe, nikikinyamazia nitapasuka.

Mtaani wanamwita Bibi Reki. Reki yenyewe ni ya chuma, mpini wake umebadilishwa mara nyingi kuliko betri za redio yake, na asubuhi huwezi kumkuta bila kuishika. Nyumba yetu, yeye mlango wake na sisi mlango wetu, iko ukingoni mwa kijito kinachoshuka kutoka chemchemi za mlimani. Kinapita nyuma ya vyoo, nyuma ya gereji, nyuma ya mashine ya kusaga, kinaingia kwenye kalavati, lile bomba kubwa la zege chini ya barabara, halafu kinatokea upande wa pili kwenye mikoko na kumwagika baharini. Kila nyumba imekipa mgongo kile kijito, na ndiyo maana kila nyumba ilikuwa inakitupia taka.

Yeye aliingia ndani yake kila asubuhi na mabuti ya mpira, akakokota kila kilichokwama. Hapo bado hujamjua. Kumjua ni kujua alichofanya na zile taka. Hakuzichoma, hakuzipeleka jalalani. Alizirudisha kwa wenyewe. Vipande vya tairi ni vya gereji. Pumba zilizooza ni za mashine. Nepi zilizofungwa fundo juu ya fundo ni za nyumba ya ghorofa, kwa sababu dada wa kazi wa pale ndiye anayefunga namna ile. Alijaza ndoo, akaenda mpaka mlangoni, akapiga hodi, akasimama na tabasamu la kumtoa nyoka pangoni.

"Hodi jamani. Mmesahau mzigo wenu."

Hakutukana wala hakuhubiri. Alikabidhi, akaulizia afya za watoto, akaaga. Jaribu wewe kupokea nepi zako mbele ya wageni waliokuja kuposa, halafu uniambie kama utatupa tena.

Mimi mwenyewe niliolewa kwa njia hiyo. Baba yangu ni kinyozi, na nywele za wateja wake zote zilikuwa zinaishia majini. Siku aliporudishiwa mfuko wake, mimi nilikuwa kibarazani nashona. Bibi Reki akanitazama kuanzia kilemba mpaka kwenye pedeli ya cherehani, akauliza kama nguo zote zile nimeshona peke yangu. Haikupita wiki akamtuma mwanawe aje kunyolewa, na kichwa chenyewe kilikuwa hakina hata cha kunyoa. Baba hupenda kusema kwamba binti yake aliposwa kwa mfuko wa nywele.

Watu walimwona kituko, na wengine wakasema ana kichaa cha usafi kwa sababu alikuwa mfagizi wa hospitali mpaka alipostaafu. Sababu si hiyo. Aliwahi kunieleza siku moja tukimenya viazi, bila kuinua macho. Mume wake alifariki mapema, akabaki na mtoto mmoja, huyu huyu mume wangu. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anatambaa mvua ziliponyesha, kalavati ikaziba kwa taka, na kijito kikarudi nyuma kikaingia ndani ya nyumba kikiwa na kila kilichokuwa vyooni. Mtoto akapata kipindupindu. Alimbeba mpaka hospitali aliyokuwa akifanyia kazi, wakamlaza, wakamtundikia dripu. Na kwa kuwa siku ile wafagizi wenzake walikuwa wamezuiwa na mafuriko, yeye ndiye aliyepewa ndoo na tambara.

"Nilipiga deki chini ya kitanda cha mwanangu," aliniambia. "Yanayomtoka yeye nayafuta mimi, huku namwomba Mungu yasiishe, maana yakiisha najua ameisha na yeye."

Mtoto akapona. Mama yake akaapa kwamba kalavati ile haitaziba tena yeye akiwa na mikono. Na haikuziba. Miaka ikaenda, kijito kikawa cheupe mpaka unaona mchanga chini. Vidagaa vikarudi. Upande wa pili wa barabara, ambako palibaki visiki tu, mikoko ikaanza kuota yenyewe. Nyumba yetu ikaacha kunuka. Yote hayo ni kazi ya mtu mmoja na reki yake, na hakuna aliyewahi kumpa hata ahsante ya mdomo.

Basi ikatangazwa ruzuku ya serikali. Fedha za kufufua mito, vyanzo vya maji na maji ya pwani, na vikundi vya wananchi vikaalikwa kuomba. Sina ugomvi na ruzuku. Kodi ni yetu, maji ni yetu, irudi kwetu. Mtaani kwetu kikundi cha mazingira kikachipuka kama uyoga baada ya mvua, mwenyekiti wake mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu ambaye hajawahi kulowesha soli ya kiatu kwenye kijito kile. Mume wangu akachaguliwa katibu. Alikuwa hana kazi tangu kiwanda kilipofungwa, anashinda akipanga na kupangua karatasi zake za shule kabatini, na mimi cherehani yangu ndiyo inatuweka mjini. Nilifurahi, tena sana. Nilimpigia pasi shati mpaka likasimama lenyewe.

Mama mkwe alifurahi kuliko sisi. Hakuomba mshahara. Aliomba kitu kimoja tu, wavu wa chuma mdomoni mwa kalavati, ili siku mikono yake ikichoka taka zinaswe pale hata kama yeye hayupo.

"Wavu tu," alimwambia mwanawe. "Nikishauona wavu, hata nikifa nitakufa nimekaa vizuri."

"Utaupata, mama. Umo kwenye maombi, ukurasa wa kwanza."

Mtaalamu wa kuandaa maombi akaja. Tulimwita Bwana Kofia, maana alivaa kofia pana ya kamba kidevuni hata akiwa kivulini. Akatembea kijito chote kutoka kwenye mashine ya kusaga mpaka kwenye mikoko, mama mkwe akiwa mbele yake kama bibi harusi anayeonyesha nyumba mpya. Kila alipoonyeshwa maji, uso wa yule bwana ulizidi kunywea. Waliporudi kibarazani kwetu akavua miwani, akaifuta.

"Mama, kuna tatizo. Hapa pasafi mno."

"Ahsante, mwanangu."

"Sikusifii. Ruzuku hii ni ya kufufua. Sasa huwezi kufufua kitu ambacho hakijafa."

"Basi mtupe kwa kutokufa," mama mkwe akasema.

Mwenyekiti akacheka. Bwana Kofia hakucheka. Akaeleza kwamba wanaotoa fedha wanataka picha ya kabla na picha ya baada, na tukipeleka picha ya maji meupe watatupongeza na kuwapa wengine. Mgonjwa ndiye anayepewa dawa, alisema. Mimi nikauliza, na aliyejikinga asiugue je, yeye malipo yake nini? Akanitazama kama nimemuuliza bei ya mbingu. Nikamwambia kwa hiyo yule aliyeacha mto wake uoze ndiye mwerevu. Mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Wakaondoka, mwenyekiti na Bwana Kofia, wakinong'onezana. Mama mkwe akaenda kuosha vikombe, na kwake mambo yalikuwa yameishia hapo. Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza.

Walichagua siku yake ya kliniki. Ana presha, na siku ya kliniki hutoka asubuhi na kurudi mchana. Mume wangu alimhimiza sana asiikose, akamtafutia na mwavuli. Nikajisemea, kumbe utu uzima umemwingia mume wangu. Mimi nilikuwa kibarazani na sare za shule zimenirundikia mpaka kidevuni. Bwana Kofia akaja na kamera yake nzuri, akapiga picha maji yaking'aa na jua la asubuhi, vidagaa, mikoko kwa mbali.

"Hii ndiyo ya baada," nikamsikia akimwambia mwenyekiti. "Tukishaipata hii, hatuna haja ya kurudi tena."

Sikuelewa. Niliendelea kushona. Nilielewa lilipokuja lori kutoka jalala la mjini, likarudi kinyumenyume mpaka ukingoni na kushusha mlima wa taka kando ya maji. Vijana wa kukodi wakashuka na makoleo, wakatazama, wakasita.

"Hiki si kijito cha Bibi Reki?" mmoja akauliza. "Mimi simo. Bora nikamwage kitandani kwa mama yangu, najua atanipiga yaishe."

Wengine wakaweka makoleo chini. Mwenyekiti akafoka, wapi. Ndipo mume wangu, kwa shati nililompigia pasi mimi, akazunguka nyuma ya jiko letu, akarudi na gunia letu la mkaa, lile nililolitia kiraka kwa uzi mwekundu. Akalijaza pale chini, akalibeba begani, akalitupa majini lilivyo, ili wale vijana waone kwamba hakuna radi inayompiga mtu. Wakaona hakuna. Wakaanza kumwaga.

Niliruka kutoka kwenye cherehani. "Wewe! Umerogwa?"

"Ni leo tu. Kesho zote zinatolewa."

"Anazitoa nani?"

"Kaa na kazi yako, mama. Nakutafutia maisha."

Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, maana watoto nao wanasoma. Hayakusaidia. Haukupita muda kijito kikawa hakionekani. Plastiki, mizoga, vitambaa vya hospitali, matairi, godoro lililochanika. Bwana Kofia akapanda juu ya jiwe ili taka isimwingie kiatuni, akaanza kupiga picha.

Na wakati huo huo mama mkwe akatokea, mkoba wa dawa mkononi, amevaa gauni lake la kliniki. Alisimama. Sijawahi kumwona akisimama vile. Halafu hakuuliza, hakulia, hakumtafuta mtu. Alitundika mkoba kwenye msumari wa kibaraza, akachukua reki, akaingia majini na viatu vyake vya kutokea, akaanza kukokota. Taka ilikuwa nyingi kuliko yeye. Alijaza reki, akainua, taka zikamwagikia gauni. Bwana Kofia akainua kamera.

"Hiyo safi sana," akasema.

Walipokwisha kuondoka, mama mkwe akauliza, "Nani kafanya hivi?"

Mume wangu alijibu kabla sijafumbua mdomo. "Vijana wa lori, mama. Walikosea njia ya jalala."

Chumbani nikamwambia: uongo huo ni wako, usinifunike nao shuka moja. Akaniomba nimpe muda, atasema mwenyewe, taka zikishatolewa. Taka hazikutolewa. Alipomwendea mwenyekiti, akaambiwa asubiri fedha zitoke. Fedha zilipotoka, akaambiwa kwamba picha ya baada tayari imo kwenye ripoti, kwa hiyo kazi kwa maandishi imekwisha, na kazi iliyokwisha hailipiwi tena. Hebu litafakari hilo. Kijito kilisafishwa kabla hakijachafuliwa. Sijui kama kuna mganga yeyote anayeweza.

Taka zile hazikuwa na mwenyewe, na hilo ndilo lililomtesa mama mkwe. Alizitoa kidogo kidogo, akazigeuza kwa ncha ya reki, akatafuta alama, fundo, rangi, chochote cha kumwambia apige hodi wapi. Zilikuwa taka za mji mzima. Akawa anaziweka ukingoni na kuzitazama.

Mvua zikaja. Kalavati ikaziba, kama ilivyoziba zamani, na kijito kikarudi nyuma na kuingia ndani. Maji meusi yakafika kwenye godoro lake. Tulimkuta chini ya barabara, maji yamemfika kiunoni, mkono wake wote umezama kwenye mdomo wa kalavati, anavuta. Mume wangu alimshika kiuno ili asibebwe na maji, naye akavuta kilichokuwa kimeziba katikati. Kikatoka. Maji yakapiga kelele, yakaanza kushuka.

Lilikuwa gunia.

Mvua ilipokatika alilifua, akalianika kwenye kamba kati ya shuka na khanga. Mimi nilikuwa naanua nguo. Akaja akasimama karibu yangu, akagusa kile kiraka.

"Uzi huu si wako?"

"Wangu, mama."

"Haya," akasema. Akaenda kuanika godoro.

Nilimwambia mume wangu kwamba mama yake anajua. Akakaa kitandani, akashika kichwa. Alisema atamwambia. Alisema hivyo kwa namna ya mtu anayeahidi kuacha sigara.

Kabla hajasema, ikaja siku ya sherehe. Mradi ulikuwa umefaulu mno mpaka mgeni rasmi anakuja kuuzindua ubao wake. Wakafunga mahema ukingoni kwetu, wakapanga viti, na viti vyote vikakipa kijito mgongo, maana upande wa kijito bado palinuka na wageni hawakupaswa kugeuka. Spika zikalia tangu asubuhi. Sisi tukaketi nyuma, mama mkwe na mimi. Alikuwa amevaa lile gauni la kliniki. Doa halikutoka, lakini alikuwa amelipiga pasi.

Kitambaa kikavutwa, ubao ukaonekana. Mkubwa, wa bati, na miguu ya chuma iliyochimbiwa ardhini. Kulia maji yanang'aa na vidagaa: BAADA. Kushoto mlima wa taka na mwanamke ameinama katikati na reki imejaa: KABLA. Chini yake wameandika kwa herufi za kusomeka toka barabarani: Mkazi akitupa taka kijitoni kabla ya kupata elimu ya mazingira.

Watu wa mtaani walimtambua mara moja. Kila mmoja wao amewahi kurudishiwa mzigo na mikono ile. Mtu wa gereji alitazama chini. Dada wa nyumba ya ghorofa alijifunika mdomo. Lakini hakuna aliyesimama, na hilo nalo sijawasamehe.

Mshereheshaji, mgeni asiyejua kitu, akafurahi. "Na mama mwenyewe tunaye hapa! Njoo mama, usione haya. Kukosea si dhambi. Mwambie mgeni rasmi ulivyobadilika."

Wakamwinua. Akapita katikati ya viti taratibu, doa lake kifuani. Wakampa kipaza sauti. Alikigeuza, akakitazama, akautazama ubao. Halafu akamtazama mwanawe, aliyekaa meza kuu na tai.

"Mimi si msemaji," akasema. "Katibu wenu ni mwanangu. Yeye anajua kila kitu. Atasema yeye."

Akampelekea kipaza sauti mpaka mkononi. Alimpa nafasi. Mbele ya watu wote, bila kumwaibisha, mama yake alimfungulia mlango na kumshikia. Mume wangu akasimama. Mwenyekiti alikuwa ubavuni mwake, mgeni rasmi mbele yake, awamu ya pili ya fedha kwenye bahasha ya mgeni rasmi. Akakohoa.

"Mama... anashukuru mradi kwa elimu aliyoipata."

Makofi. Mwenyekiti akampigapiga mgongoni. Mimi nilisimama, kiti kikaanguka, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Mwongo!" Lakini mziki ulikuwa umeshafunguliwa, spika zikanimeza, na aliyenisikia alidhani napiga vigelegele.

Tangu siku ile mama mkwe akamwita mwanawe Bwana Katibu. Hakuwa anamnunia. Ingekuwa afadhali. Alimkaribisha chai kama mgeni, akampa kiti kizuri, akamwuliza kazini hawajambo. "Karibu, Bwana Katibu. Sukari inatosha, Bwana Katibu?" Mume wangu alikuwa akitoka pale chai hajaimaliza. Asante ya punda ni mateke, lakini huyu mama alikuwa hapigi teke, na ndiyo maana liliuma zaidi.

Halafu likaja jambo la mwalimu mmoja. Mwanamke mgeni, amehamia shule ya jirani, anapita na mwavuli wake barabarani. Akausoma ubao. Akageuka, akaona chini kijitoni bibi yule yule, reki ile ile, imejaa taka. Akasimama.

"Mama! Mpaka leo bado tu? Wamekufundisha, wamekuandika, na bado unatupa? Huna hata haya mbele ya wajukuu?"

Mama mkwe akashusha reki. "Samahani, mwanangu," akasema.

Samahani! Nilitupa sare za watu chini, nikaruka uzio kumfuata yule mwalimu mpaka dukani, nikamweleza yote barabarani watu wakijaa, mpaka akalia yeye na nikalia mimi. Lakini mume wangu alikuwa kibarazani. Alisikia lile samahani. Mama aliyemfutia uchafu chini ya kitanda cha hospitali akiomba radhi kwa uchafu wa mwanawe. Hakugusa chakula siku ile.

Jioni akaenda kusimama mlangoni kwa mama yake. "Mama, giza likiingia nitaukata ule ubao. Nitautupa mbali."

"Ulinisema mchana mbele ya watu," mama yake akamjibu toka ndani. "Unitetee gizani?"

Akafunga mlango.

Asubuhi tukasikia hodi kwetu. Sasa, mama mkwe hana kawaida ya kupiga hodi kwetu; huingia tu, na kidole chake cha vumbi. Mume wangu akafungua. Mama yake alikuwa amesimama nje, mabuti miguuni, na lile gunia mbele yake limejazwa taka za kijitoni, mdomo umefungwa. Alikuwa ametabasamu. Tabasamu lile la mlangoni, nililolijua tangu kwa baba yangu, ambalo siku zote nilifikiri ni la wengine tu.

"Hodi," akasema. "Umesahau mzigo wako."

Akageuka, akaenda zake majini. Mume wangu alibaki na lile gunia, uzi mwekundu ukimtazama.

Siku hiyo hiyo walikuwa wanakuja wakaguzi wa ruzuku, kuangalia kama mradi unastahili awamu ya pili. Mwenyekiti alikuwa ameagiza soda. Walipofika, wakawekwa chini ya ubao, migongo kwa kijito kama kawaida. Mume wangu akaenda, jua la mchana likiwaka, shati la kulalia, gunia begani. Mtaa mzima ukamwona akipita. Akalitua miguuni mwa wakaguzi.

"Geukeni nyuma," akawaambia.

Wakageuka. Wakaona.

"Hizo taka tulizileta sisi. Lori la kikundi. Picha ya baada ilipigwa asubuhi, ya kabla ikapigwa mchana. Gunia la kwanza nilibeba mimi, hili hapa, mke wangu ndiye aliyelitia kiraka. Na huyu kwenye ubao hatupi. Anatoa. Ni mama yangu."

Mwenyekiti akasema amelewa. Mtu wa gereji akasema hajalewa. Dada wa nyumba ya ghorofa akasema na yeye aliliona lori. Wamechelewa, lakini walisema.

Nitaje na yaliyofuata, asije mtu akadhani dunia imenyooka. Mume wangu alifukuzwa ukatibu, na cherehani yangu imerudi kutuweka mjini peke yake. Wakaguzi waliandika, wakasikitika, wakanywa soda. Mwenyekiti bado ana duka lake. Bwana Kofia ameonekana kwenye mto wa wilaya ya jirani, na nasikia huko nako pasafi. Wavu wa chuma haujaja. Ubao aliukata mume wangu kwa msumeno wa kuazima, mchana ule ule, watu wakitazama, na bati lake sasa limefunika banda la kuni, uso chini.

Lakini yote hayo ni ya baadaye. Pale pale, alipokwisha kusema, alimtafuta mama yake kwa macho. Mama mkwe alikuwa majini, ameinama, anakokota tairi. Alikuwa amesikia kila neno, maana mtaa ulikuwa kimya, na hakuwa ameinua kichwa. Mume wangu akavua viatu. Akakunja suruali, akashuka, akasimama mbele yake na maji machafu yamemfika magotini, anasubiri aitwe jina lolote.

Mama yake akamsogezea upande mmoja wa tairi.

"Umechelewa, mwanangu," akasema. "Shika hapo."